Abraham Lincoln: Mtu Aliyejifunza Kubishana



Mnajua desturi ya shule yetu: kila Ijumaa jioni, baada ya chakula, tunakutana ukumbini kwa mdahalo. Muhula uliopita hoja ilikuwa juu ya mahari, nami nilisimama upande wa wale wanaotaka ifutwe. Mwenzangu wa upande wa pili alikuwa amejitayarisha vema kuliko mimi. Nilipoona nimezidiwa, niliziacha hoja zake nikaanza kuigiza matamshi yake, maana yeye ni mtu wa mbali na usemi wake una lafudhi ya kwao. Ukumbi ukaangua kicheko, kura zikapigwa, upande wetu ukashinda. Tangu jioni ile mwenzangu hakusimama tena kusema neno katika mdahalo.

Mwalimu wetu wa historia hakunikemea. Alinipa kitabu cha maisha ya Abraham Lincoln, akaniagiza niangalie sana mambo ya mwaka 1840 na 1842. Mimi nilimjua Lincoln kuwa Rais aliyewaweka huru watumwa wa Marekani, wala sikujua kwamba katika ujana wake alikuwa na kosa lile lile langu. Basi nimeona niwasimulie kwa kifupi maisha ya mtu huyo, hasa jinsi alivyobishana na watu.

Lincoln alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika jimbo la Kentucky, ndani ya kibanda cha magogo chenye chumba kimoja. Baba yake, Thomas, alikuwa mkulima na seremala. Mwaka 1816 jamaa yote ilihamia Indiana, na mwaka 1818 mama yake, Nancy, akafariki. Abraham alikuwa na umri wa miaka 9. Mwaka uliofuata baba yake akaoa mjane mmoja, Sarah Bush Johnston, naye akamtunza mtoto yule kama aliyemzaa mwenyewe.

Siku zote alizokaa darasani, ukizijumlisha, hazikutimia mwaka mmoja. Aliyobaki nayo alijifunza mwenyewe kwa vitabu vya kuazima. Baadaye alipokuwa mtu mzima alisimulia kwamba alipokuwa mtoto alisikiliza mazungumzo ya wageni wa baba yake wakati wa jioni, na kama kulikuwa na neno asilolielewa, hakupata usingizi mpaka amelizungusha kichwani na kulisema kwa maneno mepesi ambayo mtoto yeyote wa kijijini angeyafahamu. Desturi hiyo ilimfaa sana mbele.

Mwaka 1831 akaenda kukaa katika kijiji cha New Salem, jimbo la Illinois. Alikuwa kijana mrefu wa futi 6 na inchi 4, hodari wa mieleka, na hodari zaidi wa hadithi za kuchekesha. Aliuza duka, akawa mtunza posta, akapima mashamba. Mwaka 1832 aliomba kura za Bunge la jimbo akashindwa. Mwaka 1834 akaomba tena akapata. Alijisomea sheria, akapewa ruhusa ya uwakili mwaka 1836, na mwaka 1837 akahamia mji wa Springfield.

Katika siasa za siku zile watu walitupiana maneno makali, na Lincoln hakuwa nyuma. Mwaka 1840 mwanasheria mmoja wa chama cha pili, Jesse Thomas, alimsema vibaya mbele ya watu. Lincoln akapanda jukwaani kujibu. Lakini hakujibu hoja: aliiga sauti ya Thomas, akaiga mwendo wake na jinsi alivyotupa mikono. Watu wakashangilia, naye kwa kushangiliwa akazidi. Inasimuliwa kwamba Thomas aliondoka pale akilia machozi. Moyo wa Lincoln ukamchoma baadaye, akamtafuta Thomas akamwomba radhi. Nilipofika ukurasa huo nilifunga kitabu kwa muda, maana nilijua kwa nini mwalimu amenipa.

Hata hivyo, Lincoln hakuwa amejifunza vya kutosha. Mwaka 1842 benki ya jimbo la Illinois ilifilisika, na serikali ikaagiza kwamba kodi isilipwe tena kwa noti za benki hiyo. Wakulima walikuwa na noti hizo mifukoni, na fedha nyingine hawana. Mkaguzi wa Hesabu za serikali alikuwa James Shields, mtu aliyezaliwa Ireland. Lincoln akaandika barua gazetini kwa jina la uongo, kana kwamba mwandishi ni mwanamke wa shamba aitwaye Rebecca. Mwanzoni barua ilisema habari ya kodi, na hilo lilikuwa jambo la haki kubishaniwa. Kisha ikageuka kumcheka Shields mwenyewe, majivuno yake na tabia zake mbele ya wanawake. Wasichana wawili, mmoja wao Mary Todd aliyekuja kuwa mke wa Lincoln, nao wakaongeza barua ya kejeli yao.

Shields akakasirika sana. Akadai jina la mwandishi, akapewa jina la Lincoln. Akamwandikia barua ya ukali, Lincoln naye akakataa kufuta maneno kwa sababu ya ukali huo. Mwisho Shields akamtaka wapigane kwa miadi mbele ya mashahidi, kama ilivyokuwa desturi ya mabwana wa zamani waliotukanwa. Lincoln ndiye aliyekuwa na haki ya kuchagua silaha, akachagua panga kubwa za askari wa farasi. Kwa kuwa sheria ya Illinois ilikataza mapigano ya namna hiyo, tarehe 22 Septemba 1842 walivuka maji mpaka kisiwa kimoja cha mto Mississippi, karibu na mji wa Alton. Marafiki wa pande zote mbili wakawafuata na kuwasihi. Lincoln akakubali kueleza kwamba aliandika kwa ajili ya siasa tu, wala hakukusudia kumwondolea Shields heshima yake kama mwanadamu. Shields akaridhika, wakarudi wote wazima.

Fikirini, wasomaji. Watu wawili wenye elimu, wawakilishi wa watu, walifikishana kwenye panga kwa sababu ya barua ya kuchekesha, na swali la kodi ya wakulima likasahauliwa kabisa. Lincoln hakupenda tena kutajiwa habari ya siku ile. Kadiri miaka ilivyopita kejeli katika maneno yake zikapungua, na hoja zikaongezeka.

Kazi ya uwakili ilimsaidia. Mawakili waliofanya kazi naye walieleza kwamba mahakamani alikuwa na njia ya ajabu. Mpinzani wake akisema jambo la kweli, Lincoln alikubali. Akisema la pili la kweli, alikubali tena. Kijana asiyejua angedhani Lincoln anaitupa kesi. Lakini neno moja lililokuwa mzizi wa kesi hakuliachia, na kwa kuwa amekubali mengine yote kwa uaminifu, waamuzi waliamini kwamba hapo anaposimama pana sababu. Tena alikuwa na hamu ya kujua maana ya kuthibitisha jambo. Alipokwisha kutumikia Bunge la nchi nzima kuanzia 1847 mpaka 1849, alivisoma vitabu sita vya Euclid, yule Myunani wa hesabu za maumbo, mpaka akakaribia kuvijua vyote. Mtu mzima wa miaka arobaini, wakili mwenye jina, alikaa na pembetatu kama sisi wa kidato cha kwanza!

Sasa tufike kwenye ubishi mkubwa wa maisha yake, yaani utumwa. Mwaka 1860 watumwa wa Marekani walikuwa karibu milioni 4, na wengi walilima pamba katika majimbo ya kusini. Jambo hili halikuwa mbali na nchi zetu kama tunavyodhani. Kitambaa kile ambacho babu zetu walikiita merikani kilitoka katika viwanda vya Marekani, kikaja kwa merikebu mpaka Unguja, na misafara ikakileta bara. Pamba yake ilichumwa na mikono ya watumwa.

Mwaka 1820 Bunge la Marekani lilikuwa limepiga mstari na kukataza utumwa katika sehemu kubwa ya nchi mpya za kaskazini ya mstari huo. Mwaka 1854 Seneta Stephen Douglas wa Illinois akapitisha sheria ya kuuondoa mstari. Alisema wakazi wa kila nchi mpya wapige kura wenyewe kama wanataka utumwa au hawataki. Maneno hayo yalisikika kuwa ya haki, maana nani atakataa watu kupiga kura? Lincoln akainuka kupinga.

Tarehe 16 Oktoba 1854 Douglas alihutubia mjini Peoria alasiri nzima, karibu saa tatu. Ilipofika zamu ya Lincoln jua lilikuwa linatua. Hakuwalazimisha watu kukaa na njaa. Akawaomba waende nyumbani wakale, kisha warudi, na kwamba Douglas atapewa nafasi ya kumjibu mwishoni. Wakarudi, naye akasema saa tatu. Alieleza kwamba kura ni haki ya mtu kujitawala mwenyewe, lakini mtu akimtawala mwenziwe bila ridhaa yake, hilo si kujitawala tena. Swali lote lilisimama juu ya jambo moja: je, mtu mweusi ni mtu au si mtu? Wala hakuwatukana watu wa kusini. Alisema kwamba sisi tungezaliwa mahali pao tungekuwa kama wao.

Mwaka 1858 Lincoln na Douglas walishindania kiti cha Seneti, wakakubaliana kukutana kwa mdahalo katika miji saba ya Illinois: Ottawa, Freeport, Jonesboro, Charleston, Galesburg, Quincy na Alton. Utaratibu ulikuwa huu: wa kwanza alisema dakika 60, wa pili akajibu dakika 90, kisha wa kwanza akamalizia dakika 30. Siku nyingine msemaji wa kwanza alibadilishwa. Watu walikuja kwa magari ya farasi, kwa gari moshi na kwa miguu, maelfu kwa maelfu, wakasimama juani au katika upepo wa baridi saa tatu nzima. Waandishi wa magazeti walichukua kila neno kwa hati mkato. Douglas alikuwa mfupi, futi 5 na inchi 4, mwenye sauti nzito na sifa nchi nzima. Lincoln alikuwa mrefu, sauti yake nyembamba, nguo zake hazikumkaa vizuri.

Hapa sina budi kusema na lisilopendeza. Douglas alijua kwamba wazungu wengi wa Illinois waliwadharau watu weusi, kwa hiyo kila mara alimshitaki Lincoln kwamba anataka weusi na weupe wawe sawa katika kila jambo. Kule Charleston, tarehe 18 Septemba, Lincoln alijibu kwamba hataki weusi wapige kura, wala wawe waamuzi mahakamani, wala waoane na weupe. Aliogopa kupoteza kura, na pengine ndivyo alivyofikiri wakati ule. Sisi tunaosoma leo katika Afrika hatuwezi kuyasoma maneno hayo bila kuumia. Lakini hata alipoyasema hakuachia mzizi wake: mtu mweusi ana haki ya kula mkate alioupata kwa mikono yake mwenyewe, na katika haki hiyo yu sawa na Lincoln, na sawa na Douglas, na sawa na mtu yeyote. Hoja hiyo alikuja kuifuata mbele, mahali ambapo mwaka 1858 hakuthubutu kufika.

Lincoln alishindwa. Siku hizo maseneta walichaguliwa na Bunge la jimbo, na mwezi wa Januari 1859 Douglas akapata kura 54, Lincoln 46. Ndipo alipofanya jambo lililonishangaza kuliko yote. Alikusanya midahalo ile yote kutoka magazetini ili ichapwe kitabu. Maneno yake aliyachukua katika gazeti lililompenda yeye. Maneno ya Douglas aliyachukua katika gazeti lililompenda Douglas, ili mpinzani wake asomwe kama rafiki zake walivyomsikia. Kitabu kikatoka mwaka 1860, watu wakasoma pande zote mbili. Novemba mwaka huo huo Lincoln akachaguliwa kuwa Rais, na Douglas alikuwa mmoja wa wale watatu aliowashinda.

Kabla hajaapishwa tarehe 4 Machi 1861, majimbo saba ya kusini yalikwisha kujitenga. Mwezi wa Aprili vita vikaanza. Siku chache baada ya risasi ya kwanza, Douglas alikwenda kumwona Lincoln akamwahidi kumsaidia kuutetea Muungano. Kisha akarudi Illinois, akahutubia watu wasimame na Rais ambaye alibishana naye miaka mingi. Alikufa tarehe 3 Juni 1861. Na Shields yule wa panga? Katika vita hivyo alikuwa jenerali katika jeshi la Lincoln.

Katika baraza lake Lincoln aliwaweka watu walioshindana naye kutaka urais. William Seward, aliyedhani kiti kile ni chake, akawa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Edwin Stanton, wakili aliyemdharau Lincoln wazi wazi katika kesi moja ya mwaka 1855, akawa Waziri wa Vita mwaka 1862. Lincoln hakutaka kuzungukwa na watu wa kuitikia tu.

Wala msidhani hasira zilikuwa zimemwisha. Mwezi wa Julai 1863 Jenerali Meade alishinda vita vya Gettysburg, lakini akaliacha jeshi la kusini livuke mto na kuponyoka. Lincoln aliona kwamba vita vingeweza kwisha siku zile. Tarehe 14 Julai akamwandikia Meade barua ya uchungu. Alipokwisha kuiandika hakuitia sahihi wala hakuipeleka. Aliiweka, na juu ya bahasha akaandika kwamba haikupelekwa. Yule kijana wa barua ya Rebecca alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima.

Mwezi uliofuata, tarehe 10 Agosti 1863, alikuja Ikulu mtu mweusi, Frederick Douglass. Jina lake lafanana na la yule Seneta, lakini hawana udugu. Douglass alizaliwa mtumwa katika jimbo la Maryland, akatoroka mwaka 1838, akawa msemaji na mwandishi mashuhuri. Katika gazeti lake alikuwa amemshambulia Lincoln mara nyingi kwa kwenda polepole katika jambo la utumwa. Tangu tarehe 1 Januari 1863 Lincoln alikuwa ametangaza uhuru wa watumwa katika majimbo yaliyoasi, na watu weusi walikuwa wanaingia jeshini. Lakini askari mweupe alilipwa dola 13 kwa mwezi, na mweusi dola 10, na katika hizo alikatwa 3 za nguo. Douglass alikuja kulipinga jambo hilo, na pia kutaka askari weusi waliotekwa walindwe.

Lincoln alimsikiliza mpaka mwisho. Alikubali baadhi ya mambo, mengine akaeleza kwa nini anaona hayawezekani wakati ule. Douglass alitoka hajaridhika kwa yote, lakini alisadiki kwamba amesema na mtu aliyemhesabu kuwa mtu. Mwezi wa Juni 1864 Bunge lilipitisha sheria ya mshahara sawa. Na tarehe 4 Machi 1865, siku Lincoln alipoapishwa mara ya pili, Douglass alizuiwa na polisi mlangoni pa Ikulu kwa sababu ya rangi yake. Lincoln alipopata habari akaamuru aingie, akamwuliza mbele ya watu anaionaje hotuba ya siku ile, maana alitaka sana kujua maoni yake.

Midahalo haikuizuia vita, na watu zaidi ya laki sita walikufa. Mwenye kumfanya mwenziwe kuwa mali hakubali kwa urahisi kushindwa na hoja. Lakini maneno ya Lincoln yalikuwa yamewaonyesha watu wanapigania nini. Tarehe 31 Januari 1865 Bunge likapitisha badiliko la katiba la kuukomesha utumwa nchi nzima, nalo likathibitishwa Desemba mwaka ule.

Tarehe 11 Aprili 1865, vita vikiwa vinakwisha, Lincoln alihutubia watu kutoka dirishani pa Ikulu. Alisema angependa baadhi ya watu weusi wapewe kura, hasa wenye elimu na waliotumika jeshini. Lile alilolikana Charleston sasa alikuwa ameanza kulikubali hadharani. Katika mkutano ule alikuwapo mchezaji wa michezo ya kuigiza, John Wilkes Booth, aliyewapenda watu wa kusini. Booth hakuwa na jibu la hoja ile. Usiku wa tarehe 14 Aprili alimpiga Lincoln risasi kichwani katika jumba la michezo, na asubuhi ya tarehe 15 Lincoln akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 56.

Nilipomaliza kitabu nilimwendea mwenzangu bwenini nikamwomba radhi, kama Lincoln alivyomwendea Thomas. Alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza nina jibu gani juu ya hoja yake ya pili, ile ya mahari kuunganisha koo mbili, kwa kuwa siku ile sikuijibu. Kweli, sikuwa nimeijibu. Tukakaa kitandani pake tukabishana mpaka kengele ya kuzima taa. Mpaka leo sijakubaliana naye, ingawa hoja yake ya tatu nimeikubali. Ijumaa ijayo atasimama tena ukumbini, nami nimeomba niwekwe upande wa kumjibu.